Pete ya Meno Matatu

Nilichora kitu ambacho hakipo. Huo ndio upumbavu wenyewe, nauweka mbele mapema tusisumbuane. Kwa kipande cha mkaa, kwenye ukuta wa nyumba yetu pale Mpanda, nilichora pete ndogo yenye meno matatu kwa ndani, nikaipachika katikati ya vyuma vya kweli vya lori la vita, nikarudi nyuma kidogo nikaitazama, nikaona imependeza. Nilikuwa darasa la nne. Watu wazima wawili, wenye akili zao timamu na ndevu zao, wakaitafuta hiyo pete mpaka mvua zikaanza.

Pete yenyewe ninayo hapa bwenini. Ya chuma kabisa, nzito, inakandamiza madaftari yangu yasipeperuke, maana dirisha letu halina kioo. Juzi mshikaji anayelala kitanda cha juu aliishika akaniuliza imetoka kwenye mashine gani. Nikamwambia haijawahi kutoka kwenye mashine yoyote duniani. Akaona namzingua. Kawaida ningeendelea kumzingua, ndiyo kazi yangu hapa shuleni, hata mwalimu wa zamu anajua. Lakini stori hii nikiisimulia kwa mdomo naigeuza kichekesho kila mara, watu wanacheka, halafu mimi nalala nimechoka kama niliyeshusha magunia. Basi leo naiandika, nione kama itakaa ilivyo.

Lori lilikuwa limelala nyuma ya maghala karibu na stesheni tangu sijazaliwa. Lilinuka dizeli ya zamani, mavi ya mbuzi, na ule unga wa tumbaku unaokupigisha chafya hata ukiwa umebana pua. Lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini, la bluu, la kubeba mahindi. Vita ya Kagera ilipoanza, malori ya watu yakakusanywa, nalo likapakwa kijani, likapigwa namba nyeupe mlangoni, na dereva wake akaenda nalo. Dereva huyo ni baba. Utingo wake alikuwa kijana wa Inyonga, anaitwa Maganga. Walienda wawili na lori. Akarudi baba na lori.

Maganga alikufa kwa homa. Vita ilishakwisha, walikuwa njiani kurudi, akalala nyuma kwenye bodi juu ya magunia matupu na hakuamka, wakamzika huko huko kaskazini pembeni ya barabara. Baba akaenda Inyonga kumwambia mama yake. Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kaburi hajaliona na miguu yake haitamfikisha huko. Basi aletewe lile gari alilofia mwanawe, alione kwa macho yake, ndipo atakunja mkeka. Mkeka wa msiba kwao hukunjwa siku ya kumaliza matanga. Wa Maganga ukabaki chini, mwaka hadi mwaka. Baba aliahidi, wakati lori si lake na yeye mwenyewe hana hata baiskeli.

Mimi hiyo habari ya homa niliiona haina ladha. Nani anakwenda vitani kufa kwa homa, homa ambayo hata mimi naugua na nakwepa mtihani nayo? Na ushahidi nilikuwa nao. Mlango wa nyuma wa bodi ulikuwa na matundu ya mviringo, yanayopitisha kidole. Nikayasoma mwenyewe bila kumuuliza mtu: risasi. Nikawapeleka wenzangu wa darasani, nikawatoza karanga ili watie kidole. "Hapa ndipo ilipoingia," nawaambia, "ikamkuta amelala." Mmoja akachomoa kidole mbio, akakinusa, akaapa kinanuka baruti. Kilikuwa kinanuka tumbaku.

Tajiri alipochoka kulitazama lile lori, alimwambia baba alichukue kama ana nguvu ya kulisukuma. Baba akakusanya wanaume wa mtaa, wakalisukuma kutoka stesheni hadi uani kwetu, na mama akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi kuona ni nini kimeziba jua.

"Baba Deo, hiki nini?"

"Lori la Maganga."

Mama alishusha mwiko. Alirudi jikoni akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali, kwa sababu wale wasukumaji wote walikuwa wamekaa chini na hawaoneshi dalili ya kuondoka.

Fundi alitoka Katumba, kule kwa wakimbizi wa Burundi, anakuja kwa baiskeli na spana zake kwenye mfuko wa salfeti. Aliitwa Melkiori. Alikuwa mpole, anazungumza na boliti kama mtu anayembembeleza mtoto atoke chini ya kitanda. Siku ya kwanza tu akagombana na baba.

"Nizibe haya matundu kwa puti, nipige rangi, liwe bibi harusi."

"Mama Maganga hamjui bibi harusi," baba akasema. "Lirudi lilivyotoka. Palipobonyea pabaki pamebonyea. Namba ya mlangoni uikwangue mpaka isomeke, lakini usiipake upya."

"Sasa hayo ni matengenezo gani?"

"Hayo hayo."

Kazi ngumu ilikuwa giaboksi. Fundi alikuwa hajawahi kufungua ya lori la aina ile, na baba kusoma kwake kulikuwa kwa taabu. Walichojua ni kwamba vyuma vinarudi kwa mpangilio vilivyotoka. Mwanzo walivipanga juu ya turubai, mbuzi wa jirani akapita katikati kama mgeni rasmi. Ndipo baba akaukumbuka ukuta. Na akanikumbuka mimi, kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimechapwa shuleni kwa kumchora mwalimu wa hesabu pamoja na tumbo lake.

Ikawa hivi. Fundi anachomoa chuma, kinachuruzika mafuta, ananipa. Mimi nakibandika ukutani, nakizungushia mkaa, halafu kinatumbukizwa kwenye debe la dizeli. Kinachofuata kinakaa kulia kwake. Tulianzia mlangoni, tukapita chini ya dirisha, tukaelekea kona ya jiko. Shafti, gia, bereng'i, gia nyingine, vipande ambavyo hata fundi aliviita "huyu" na "mwenzake". Mikono yangu ikawa myeusi hadi kwenye viwiko, hata maandazi yakawa na ladha ya giaboksi. Baba akipita anasimama, anautazama ukuta kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona akitazama daftari langu hivyo.

"Wenzangu nyumba zao zina maua," mama akasema. "Mimi nina matumbo ya gari."

Siku ya ule upumbavu, wenzangu walikuwa wanacheza chandimu uwanja wa stesheni, nasikia kelele zao kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Kichwa kinagonga, mgongo unauma, nahisi baridi juani. Fundi alikaa kula. Nikachukua mkaa nikachora pete, bila kushika chuma chochote, kati ya gia na bereng'i palipokuwa na nafasi. Nilitaka kesho yake wakwame kidogo, fundi akune kichwa, nicheke, nifute. Mpango wangu wote ulikuwa ni huo.

Kumbe ile baridi ilikuwa malaria. Nililala siku nyingi, nikanywa klorokwini hadi masikio yakawa yanapiga filimbi. Nilipotoka nje nikishika ukuta, niliwakuta baba na fundi wamechuchumaa mbele ya pete yangu.

"Mikono yangu inasema vyuma vimetimia," fundi alikuwa anasema.

"Ukuta unasema bado."

"Ukuta hauna mikono, Baba Deo."

"Huyu mtoto alishika kitu akakizungushia mkaa. Angezungushiaje kitu ambacho hakipo?" Baba akanigeukia. "We Deo, si ulikishika?"

Niliangalia macho yake. Mtu akikuamini vile, mbele ya fundi, ukiwa na umri ule, mdomo unajibu kabla yako.

"Ndiyo, baba."

Wakaanza kutafuta. Walichekecha mchanga wa uani kwa ungo wa mama. Walimwaga debe la dizeli, wakakamua matambara. Nilimwona baba akimtazama bata wetu kwa jicho la mashaka. Akaenda hadi Ikola, kwa sababu kule ziwani kuna boti zinazosukumwa na injini za malori, akidhani atakuta pete kama ile. Alirudi ananuka dagaa, mikono mitupu, akalala na viatu. Kila asubuhi nilijiambia leo nasema. Kila asubuhi pete ilikuwa imekuwa kubwa zaidi ya jana, na mimi mdogo zaidi.

Ndipo baba akamwambia fundi neno baya. Hakulipanga, uchovu ulimtoka tu. "Melkiori, siku ile uliondoka na mfuko wako. Hebu ufungue."

Fundi aliufungua. Akazitoa spana moja moja akazipanga chini, akaukung'uta mfuko. Ikaanguka karanga moja.

"Mimi nilikimbia kwetu kijana," alisema taratibu, "nikaacha ng'ombe, nikaacha nyumba. Leo nije niibe pete?" Akarudisha spana, akapanda baiskeli. Baba akabaki anaitazama ile karanga.

Wiki hiyo hiyo kondakta wa basi la Inyonga akasimama getini kwetu, basi likinguruma nyuma yake. "Bibi anauliza lori lake limefika wapi. Anasema jicho moja limeshafunga, na hili lingine anaona kama kupitia moshi. Mfanye haraka."

Baba akaniita. Akanipa kipande cha boksi la sabuni. "Ninakilie ile pete vizuri. Naipeleka Tabora kwa treni, huko kuna mafundi wa kuchonga chuma." Na mimi nikanakili. Tena kwa ustadi, nikaweka na kivuli.

Baba akiwa Tabora, mvua ya kwanza ikapiga ule ukuta, na Krismasi ilikuwa karibu. Kwetu hakuna mwanamke anayepokea sikukuu na ukuta haujasiribwa. Watu watapita, watatazama, hawatasema kitu, na huko kutosema ndiko kunakoua. Mama alivumilia tangu kiangazi kwa ajili ya michoro. Siku hiyo akaweka beseni chini, akachanganya udongo mwekundu na maji, akapandisha khanga.

"Mama, michoro ya baba!"

"Nimechoka kuishi gereji. Fundi kaondoka, hata michoro ikibaki nani ataisoma?"

Akasiriba ukuta wote, kutoka mlangoni hadi kona ya jiko. Ukapendeza kweli. Mimi niliona shida zangu zimefunikwa, nikalala kama mfalme.

Kesho yake mchana udongo ulipokauka ukaanza kudondoka. Kila chuma nilichobandika pale kilikuwa kimeachia mafuta, na udongo haushiki penye mafuta. Shafti ikajitokeza. Gia zikajitokeza, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake, nyeusi kwenye wekundu, wazi kuliko zilivyokuwa kwa mkaa. Giaboksi nzima ilirudi, ila sehemu moja tu. Kati ya gia na bereng'i ukuta ulikuwa safi, laini, udongo umeshika barabara.

Mama akaweka kiganja pale.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Pete, mama."

"Pete iliyotoka kwenye mafuta?"

Nikatazama miguu yangu. Mama hakunipiga. Alikaa chini kwenye kizingiti, mikono yake imejaa udongo mkavu, akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili.

"Baba yako akirudi utamwambia wewe. Mimi nitasimama hapa mlangoni ili usikimbie."

Baba alirudi na treni, macho mekundu, anatabasamu. Hakusalimia. Alifungua kitambaa akatoa pete ya chuma, meno matatu kwa ndani, imechongwa ikang'arishwa. Fundi wa Tabora alikuwa ameitengeneza kutoka kwenye boksi la sabuni. Hata ule mteremko mdogo niliouweka kwa ajili ya urembo ulikuwepo.

"Imepatikana," akasema.

Mama akasimama mlangoni, kama alivyoahidi.

Nikasema. Sikumbuki maneno, nakumbuka tu kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa nazungumza na hakuna aliyecheka. Baba alinisikiliza ameishika pete. Nikamaliza, nikangoja mkanda. Alikaa kwenye tairi la lori.

"Kwa nini, Deo?"

"Nilikuwa nimechoka, baba."

Akaitikia kwa kichwa muda mrefu. "Hata mimi," akasema. Halafu akanitupia pete. "Hii ni yako. Itunze."

Alienda kuazima baiskeli, akanipakia nyuma, tukaenda Katumba. Njia nzima nikawa nautazama mgongo wake na jasho likitengeneza ramani kwenye shati. Fundi tulimkuta anapalilia mahindi. Baba alisimama pembeni ya shamba, akavua kofia. "Melkiori, nilikukosea. Mtoto ana neno." Nikarudia tena yote, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Fundi aliegemea jembe. Akaigeuza mikono yake, akaitazama viganja, kama mtu anayeiomba radhi kwa kuwa alikaribia kutoiamini.

"Oya," akasema, yaani "hapana" kwa Kirundi chao. "Mchoraji huyu ni hatari." Na akaenda kuchukua mfuko wake.

Giaboksi ilifungwa kwa kusoma mafuta ukutani. Niliuliza wakati ule kama tusizibe tu matundu ya risasi kwa nyuma, bibi asije akaumia. Fundi akashangaa. "Risasi gani? Hayo alitoboa mfanyabiashara wa tumbaku aliyelikodi baadaye, afungie turubai kwa boliti. Vita ilishakwisha zamani." Nilimkumbuka yule aliyenusa kidole. Karanga za watu nilishakula.

Tuliondoka baada ya sikukuu, baba kwenye usukani, fundi pembeni yake na hendeli ya kuwashia injini miguuni, mimi na mama nyuma kwenye bodi. Njia ya Inyonga ilikuwa tope. Tulikwama, tukakata matawi, tukatandika, tukasukuma, tukakwama tena mbele kidogo, na kila mara baba alikuwa anashuka akizunguka lori na kuligusa. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani: kiangazi njia hii ilikuwa kavu. Kiangazi bibi alikuwa bado anaona kupitia moshi.

Tulifika jua linaelekea kushuka. Bibi alikuwa kizingitini, mdogo, amejifunga kaniki. Ndani kupitia mlango niliuona mkeka, umechakaa katikati. Aligeuza uso kuelekea kwenye mlio wa injini, akaugeuza kidogo kupita kiasi, akawa anatutazama mahali ambapo hatupo. Hapo ndipo nilipojua.

Baba hakushuka. Alizima lori, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, kichwa kimeinama juu yake. Fundi akamwekea mkono begani. Mama akashuka, akamsalimia bibi kwa kupiga goti, akamwambia, "Tumelileta, mama. Tumechelewa, lakini tumelileta."

"Niazime bega," bibi akasema.

Bega lililokuwa karibu ni langu. Akaliegemea, tukaanza kulizunguka. Alishika tairi. Alipapasa mlango, nikamwongoza vidole kwenye namba nyeupe, nikamsomea tarakimu. Alishika kila palipobonyea, na mimi nikawa nashukuru kwamba baba alikataa puti. Tukafika nyuma.

"Humu?"

"Humu, bibi."

Viganja vyake vikapita kwenye mlango wa bodi, taratibu, kama mtu anayetandika shuka. Kidole kimoja kikaingia kwenye tundu. Akasimama. Akakizungusha ndani ya tundu, akapima ukubwa wake. Miaka yote watu wa kijiji walikuwa wamemwambia kwamba aliyekwenda vitani hafi kwa homa, kwamba dereva anamficha.

"Mjukuu," akasema, "ndiyo hii iliyomwingia mwanangu?"

Uso wake ulikuwa unaniangalia karibu kabisa, na niliona anataka niseme ndiyo. Ndiyo ingempa shujaa. Nilikuwa na risasi tayari mdomoni, na mlio wake, na namna alivyoanguka. Nilishaisimulia mara nyingi kwa karanga. Nikamtazama baba, bado ameinama. Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama nyuma ya bibi, tope hadi magotini, ameshika viatu vyake mkononi, na aliniambia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu ambaye hajalala siku nyingi:

"Mwambie kilichopo, Deo. Usiongeze kitu."